Mbao za Shambani: Namna ya Kuzihifadhi na Kuzikausha kwa Upepo



Ni nadra kumkuta mwenye shamba la karafuu katika kisiwa chetu asiye na mti mwingine shambani mwake. Mmoja ana mwembe alioukuta tangu enzi za babu yake, wa pili ana mfenesi kando ya kisima, wa tatu ana minazi, na mwenye bahati ana mvule. Miti hii aghlabu haikupandwa kwa ajili ya mbao. Ilipandwa kwa matunda na kivuli. Lakini iko siku mti huzeeka, ukaoza tawi kubwa, ukapigwa na radi, au ukaielemea nyumba hata ikawa hapana budi ila kuukata. Siku hiyo mwenye shamba huwa mwenye mbao, apende asipende.

Na siku hiyo ndiyo khasara huanza. Mti uliokaa miaka 80 hupasuliwa kwa siku mbili, na mbao zake huharibika kwa wiki tatu. Tumeona mara nyingi mbao nzuri za mwembe zimelazwa juu ya majani, moja imebanana na mwenzake, kisha zimefunikwa turubai mpaka chini. Mwenyewe huenda zake akiamini kwamba amezihifadhi. Akija kuzifunua hukuta zimeingia madoa meusi na ya buluu, zimeota ukungu mweupe, na zile za juu zimejikunja kama vigae. Hapo husema, "Mbao za mwembe hazifai." Mbao hazina kosa. Kosa ni la namna zilivyowekwa.

Jambo hili latuhusu sisi wakulima wa karafuu zaidi ya tunavyodhani. Kila mwanachama ajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaza magunia, na mwaka wa pili au wa tatu hutoa kidogo tu. Katika mwaka wa uchache, mbao kavu zilizopangwa bandani ni akiba njema. Lakini akiba hiyo ni ya mwenye mbao kavu tu. Mwenye mbao mbichi hana nguvu mbele ya mnunuzi, kwani mnunuzi ajua kwamba kila siku inayopita mali ile yazidi kuharibika, na kwa hivyo hutaja bei aipendayo yeye. Ubao mkavu ulionyooka waweza kungoja bei. Ubao mbichi hauwezi kungoja kitu.

KARAFUU NA UBAO

Sisi kazi ya kuanika si ngeni kwetu. Hapana mtoto wa shamba asiyejua kwamba karafuu mbichi zikilundikwa usiku kucha hushika joto, zikavunda, na zikapoteza rangi yake. Ajua kwamba zatandazwa juu ya jamvi zisipandane, zageuzwa, na zakusanywa kabla ya umande na mvua. Ajua pia kwamba karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio, na iliyo mbichi hupinda tu.

Mengi katika hayo yafaa kwa mbao vile vile. Mbao nazo hazipendi kubanana, nazo huvunda zikikosa hewa. Lakini liko jambo moja ambalo mwenye kuzoea karafuu huweza kulikosea: karafuu yataka jua, na ubao wataka upepo na kivuli. Karafuu ni ndogo, na joto hufika mpaka ndani yake kwa muda mdogo. Ubao ni mnene. Ukiuweka juani, uso wake hukauka na kutaka kunywea, ilhali ndani bado umejaa maji na haukubali kunywea. Uso hushindwa, ukapasuka. Nyufa hizo hazizibiki tena hata ukiumwagia maji.

Yafaa basi tujue maji yenyewe yakaa vipi ndani ya mti. Yako ya namna mbili. Ya kwanza ni maji yaliyojaa katika vitundu vidogo vya mti, kama maji ndani ya mwanzi. Haya hutoka kwanza, na yakitoka ubao hupungua uzito lakini haupungui upana. Ya pili ni maji yaliyoshikamana na nyuzi zenyewe za mti. Haya huanza kutoka pale ubao unapobakiwa na maji kiasi cha asilimia 28 au 30 ya uzito wake mkavu, na hapo ndipo ubao huanza kunywea, kupinda na kupasuka. Ndiyo sababu mbao huonekana njema wiki za mwanzo, kisha zikaanza kuharibika ghafla wakati mwenyewe amekwisha kuzisahau.

Tena ubao haunyweі sawasawa pande zote. Kwa urefu haunywei ila kidogo sana. Kwa upana, ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hunywea takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo. Ubao wa inchi 12 si ajabu ukapoteza nusu inchi. Kwa kuwa uso mmoja wanywea zaidi ya mwingine, ubao hujikunja. Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ubao ni kinyume chake: ukiwa mbichi ndiyo wakati wa kuunyoosha na kuuzuia usijikunje, kwani ukisha kukauka umepinda hautanyooka tena.

HESABU YA MAJI

Wanachama wengine watauliza: je, maji hayo ni mengi kiasi cha kujishughulisha? Natufanye hesabu. Chukua mbao za mita moja ya ujazo, za mti usio mzito sana wala mwepesi sana, ambazo zikikauka kabisa zina uzito wa kilo 500. Zikiwa mbichi zenye maji ya asilimia 80, ndani yake mna kilo 400 za maji. Zikikauka kwa hewa mpaka asilimia 16, zitabakiwa na kilo 80. Maana yake kilo 320 za maji zimetoka zikaingia hewani, nazo ni lita 320, yaani madumu 16 ya lita 20.

Madumu 16 hayo hayana budi kupata njia ya kutokea. Ukizifunika mbao kwa turubai mpaka chini, maji hutoka kwenye ubao, yakagonga turubai, yakarudi juu ya ubao. Ukiziweka katika ghala lililofungwa pamoja na karafuu kavu, maji hayo huingia katika karafuu. Mwenye kufanya hivyo huharibu mali mbili kwa siku moja.

HEWA YA KISIWANI

Vitabu vingi vya useremala viliandikwa katika nchi za baridi, nako huko husema kwamba ubao wa inchi moja wataka mwaka mmoja. Kanuni hiyo si ya kwetu. Joto letu hukausha upesi zaidi. Lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huo huweka mpaka ambao ubao hauwezi kuupita.

Ubao ni kama chumvi ya jikoni: hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, mpaka upatane na hewa iliyouzunguka. Hewa yetu ya pwani mara nyingi huwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 85. Katika hewa ya namna hiyo, ubao uliokaa bandani hutulia kwenye maji ya asilimia 14 hadi 18. Hata ukiuacha miaka kumi hautashuka zaidi ya hapo, na wakati wa masika utapanda tena kidogo.

Hilo lisimvunje mtu moyo. Ukungu na uozo havifanyi kazi katika ubao wenye maji yaliyo chini ya asilimia 20. Kwa hivyo ubao wa asilimia 16 umekwisha kuokoka, nao wafaa kwa milango, madirisha, mapaa, vitanda na makabati ya nyumba zetu zilizo wazi kwa upepo. Lakini zikienda katika chumba cha hoteli au ofisi yenye mashine ya kupoza hewa, ambamo unyevu waweza kuwa asilimia 50, zitashuka mpaka kiasi cha asilimia 9, na zitanywea tena. Mwenye kuuza na amwambie fundi ukweli, na fundi naye aziache mbao wiki kadhaa ndani ya chumba hicho kabla ya kuzipiga randa na kuziunga.

KABLA YA KUKATA

Jambo la kwanza ni ruhusa. Zanzibar ina sheria ya kusimamia na kuhifadhi misitu tangu mwaka 1996, na mti kuwa ndani ya shamba lako hakukuondolei wajibu wa kuuliza kwanza kwa maofisa wa misitu. Muulizaji hapotei njia, na gogo lililokatwa bila ruhusa halina bei.

Jambo la pili ni wakati. Mwenye hiari na angoje masika yapite, akate na kupasua mnamo mwezi wa Juni, wakati mvua zimepungua na upepo wa kusi unavuma. Hapo mbao hupata miezi mitatu au minne ya hewa njema kabla ya vuli. Shida ni kwamba msimu mkubwa wa karafuu aghlabu huangukia nusu ya pili ya mwaka, na hapo hapana mtu wa kupanga mbao. Basi kazi ya mbao na iishe kabla wachumaji hawajaingia shambani, au iahirishwe. Mbao zilizopasuliwa katikati ya msimu wa karafuu ndizo ziachwazo juu ya majani.

Mwenye mti ulioangushwa na upepo hana hiari hiyo. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi wa Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo mkubwa huweza kutujia wakati wa masika, yaani wakati ulio mbaya kuliko wote kwa kukausha mbao. Ikiwa hivyo, shauri letu ni hili: usipasue kabla banda halijawa tayari. Gogo zima lenye gome lake huharibika polepole kuliko mbao zilizopasuliwa. Linyanyue juu ya magogo mengine lisiguse ardhi, lipake rangi nchani, na liweke kivulini. Lakini usilisahau, la mwembe lisikae zaidi ya wiki chache.

KUPASUA

Mwambie mpasuaji mambo matatu.

La kwanza, apasue kwa unene ulio sawa kutoka ncha hadi ncha, na aongeze kidogo. Mwenye kutaka ubao wa inchi moja uliokwisha kupigwa randa na apasue inchi moja na robo. Ubao ulio mnene huku na mwembamba kule haupangiki, na palipo pembamba ndipo pajipindapo.

La pili, moyo wa mti usibaki katikati ya ubao mpana. Ubao wenye moyo ndani yake utapasuka pale pale kwenye moyo, hapana dawa. Afadhali msumeno upite juu ya moyo na chini yake, na kipande kile chenye moyo kitumiwe kwa nguzo au kuni.

La tatu, ncha zipakwe siku ile ile ya kupasua. Maji hutoka kwenye ncha za ubao upesi kuliko kwenye uso wake, kwa sababu vitundu vya mti vimeelekea huko. Ncha hukauka kwanza, zikapasuka, na ufa ukasafiri ndani futi nzima. Rangi ya mafuta iliyobakia, nta iliyoyeyushwa au lami, chochote katika hivi chafaa kikipakwa kizito. Kazi hii ni ya nusu saa tu, nayo huokoa futi moja kila ncha.

KUPANGA

Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji, na upepo wapita. Usichague chini ya mwembe wenye majani mazito ambapo hewa imesimama. Fyeka majani pande zote.

Pepo zetu kubwa ni mbili, kaskazi na kusi, nazo hutoka upande wa kaskazini na upande wa kusini. Kwa hivyo mbao na zilale kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ili upepo uingie ubavuni na kupita kati yake. Ukizilaza kinyume cha hivyo, upepo hugonga ncha tu na katikati hukaa hewa mbovu. Lakini ncha zikielekea mashariki na magharibi hupigwa na jua la asubuhi na la jioni. Basi zikinge kwa kuti moja moja kila upande.

Chini weka matofali ya saruji au mawe, yenye urefu wa inchi 18, juu yake boriti zilizonyooka. Tazama kwa uzi au kwa pima-maji ziwe sawa. Msingi ukipinda, kila ubao utakaolala juu yake utapinda vile vile. Paka lami kwenye matofali, na uyatazame kila wiki, kwani mchwa hujenga njia yake kimya kimya.

Kisha panga. Kati ya safu na safu weka vijiti vya inchi moja kwa inchi moja. Vijiti hivi na viwe vikavu na vyenye unene mmoja. Usitumie vijiti vibichi wala pongoo za makuti. Vibichi huacha doa linaloingia ndani ya ubao, na randa hailitoi. Kwa mbao za inchi moja, weka kijiti kila inchi 18. Kwa zile za inchi 2 au zaidi, kila inchi 24 yatosha. Kijiti cha mwanzo na cha mwisho viwe kwenye ncha kabisa. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kila kijiti kisimame juu ya kijiti cha chini yake, sawasawa, mpaka kwenye boriti. Kikienda kando hata kwa nusu futi, uzito wa juu utaupinda ubao ulio chini.

Kati ya ubao na ubao katika safu moja acha inchi moja hadi mbili. Upana wa rundo zima usizidi futi 4 katika hewa yetu, maana upepo huchoka kabla ya kufika ng'ambo ya pili. Mbao zenye urefu mmoja zikae pamoja. Zilizo mbaya ziweke juu kabisa, ndizo zitakazopigwa na joto la paa. Juu yake weka mawe mazito ili mbao za juu zisijikunje.

Mwisho ni paa. Makuti ni mazuri kuliko mabati, kwani hayatii joto, lakini yote mawili yafaa. Paa litokeze futi moja na nusu au mbili kila upande. Pande ziachwe wazi. Turubai ni la kuezekea juu tu, kamwe si la kuvika. Wala usiziegemeze mbao ukutani zikisimama. Zitapinda kama upinde na chini zitanyonya unyevu.

UKUNGU NA WADUDU

Doa la buluu huingia katika siku chache za mwanzo, wakati uso ungali majimaji. Halipunguzi sana nguvu ya ubao, lakini hupunguza bei. Dawa yake kubwa ni haraka: ubao uliopasuliwa asubuhi na uwe juu ya vijiti kabla ya magharibi. Vumbi la msumeno lipanguswe kwa ufagio, kwa maana hushika maji na kulea ukungu.

Dumuzi ni adui mwingine. Hutaga mayai katika sehemu nyeupe ya mti, iliyo chini ya gome, ambayo ina wanga mwingi. Watoto wake hula ndani kwa ndani miezi mingi, na siku moja huona matundu madogo kama ya sindano na unga laini chini ya kitanda. Mbao zilizokwisha kubunguliwa zitenge mbali na nyingine mara moja. Gome lote litolewe, kwani ndiko maficho. Wako wenye kuzipaka au kuzichovya mbao mbichi katika maji ya boraksi na asidi ya boriki, nayo husaidia kuzuia dumuzi, ila huoshwa na mvua, kwa hivyo mbao hizo hazina budi kuwa chini ya paa. Pata maelezo ya kipimo kabla ya kutumia. Dawa za kunyunyizia mimea shambani zisitumiwe. Ubao huu huenda ukawa kitanda cha mtoto.

Wazee wa pwani walizoea kuyazamisha magogo majini. Walikuwa na sababu: gogo lililozama halipati dumuzi, na wanga wake hupungua kwa muda. Lakini gogo lililokaa katika maji ya bahari hubakia na chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kulia misumari. Kwa chombo cha baharini si kitu. Kwa kabati la nguo ni taabu.

KILA MTI NA TABIA YAKE

Mwembe hukauka bila matata mengi, lakini hushikwa upesi na doa na dumuzi, nao haudumu ukiachwa mvuani wala ukigusa ardhi. Yataka haraka siku za mwanzo na upepo mwingi. Kazi yake ni ya ndani ya nyumba.

Mfenesi ni mti wa heshima. Kiini chake ni cha manjano, nacho hugeuka kahawia kadiri kinavyozeeka, na wadudu hawakipendi. Milango mingi ya nakshi ya pwani yetu ilichongwa kwa mfenesi, pamoja na msaji na mvule. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, bado una milango ya kutengenezwa, na fundi wa mlango hataki ubao mbichi. Usiukaushe mfenesi mnene kwa pupa. Katika kaskazi kali ya Januari na Februari, tundika magunia upande unaotoka upepo kwa wiki za mwanzo, kisha uyaondoe. Sehemu yake nyeupe ya nje ikatwe, haina maisha.

Mnazi mkongwe una ubao mgumu upande wa nje na laini upande wa ndani. Zipange mbali mbali. Usichanganye za nje na za ndani, kwani hazikauki pamoja wala hazina nguvu moja. Una utamu ndani yake, na ukungu huupenda mno katika siku za kwanza.

Ama mkarafuu uliokufa, mti wake ni mgumu na mzito, na wengi wetu huufanya kuni. Vipande vilivyonyooka vyaweza kufaa kwa mipini. Kwa mbao pana usiutegemee.

UTAJUAJE KWAMBA UMEKAUKA?

Usihesabu miezi tu. Kwa kukisia, ubao wa inchi moja bandani wataka miezi mitatu hadi sita, kwa kadiri ya mti na majira. Ubao wa inchi 2 hautaki mara mbili ya muda huo, bali huelekea mara tatu au nne. Ubao mnene wa inchi 3 uliokusudiwa meza au kizingiti ni kazi ya miaka. Mwenye haraka na asipasue unene huo.

Njia ya hakika ni mizani, na mizani kila mwanachama yuaijua. Kata ubao mmoja wa futi 2 katika zile zile mbao, uupake rangi ncha zote mbili, uuweke katikati ya rundo mahali utakapoweza kuuchomoa. Upime kila wiki mbili na uandike. Mwanzoni uzito utashuka upesi, kisha polepole. Ukipima mara tatu na uzito ukawa ule ule, na wala si wakati wa masika, basi hewa imekwisha kufanya kazi yake.

Mwenye kutaka kujua asilimia zenyewe, na akate kipande kidogo katikati ya ubao, mbali na ncha. Akipime mara moja, kisha akikaushe katika joko lenye joto la nyuzi 103 mpaka kisipungue tena, akipime mara ya pili. Toa uzito wa pili katika wa kwanza, gawa kwa uzito wa pili, zidisha kwa 100. Mfano: kipande cha gramu 130 kikabaki gramu 112, maji yalikuwa gramu 18, na 18 kwa 112 ni asilimia 16. Ubao huo mpelekee seremala.

BANDA LA SHIRIKA

Hapana haja ya kila mtu kujenga banda lake. Mti mkubwa hauanguki kila mwaka katika kila shamba. Wanachama watatu au wanne wa jirani waweza kusimamisha banda moja la makuti, lenye boriti na vijiti vya kudumu, na kila mmoja akatia alama ya rangi kwenye ncha za mbao zake: mmoja nyekundu, mwingine nyeupe, mwingine buluu. Rangi ile ile inayozuia nyufa ndiyo itakayozuia ugomvi. Na waandike katika daftari siku ya kupasua, mti gani, unene gani na mbao ngapi. Atakayekuja kununua atasoma mwenyewe.

Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu limekuwa likiisha hivyo miaka mingi: futi moja kwa ufa, safu moja kwa ukungu, na nusu ya bei kwa sababu mwenye mali hakuweza kungoja. Mti wa babu haupatikani mara ya pili katika umri wetu. Ukiwa hauna budi kukatwa, na upewe haki yake: vijiti vikavu, paa juu, pande wazi, na subira. Na pale ulipoondoka, mwanachama na apande mwingine, ili mjukuu naye siku yake ikifika awe na cha kupasua.